Sayari Nyingi, Mchezaji Mmoja

Lubao, kwenye barabara ya Kakamega kwenda Webuye, inajulikana kwa soko la mbwa. Mimi huvutwa zaidi na wachezaji wa drafti. Kete ni vizibo vya soda: za huyu zimelala chali, za yule kifudifudi. Anayefungwa anainuka, mwingine anakaa. Ubao ni uleule, watu ni walewale, na sijasikia anayesema amechoka.

Mpwa wangu naye huchoka upesi. Katika mchezo wa Minecraft, kompyuta hupewa namba moja, iitwayo mbegu, na kwa kanuni za hesabu ikaumba milima, mito na mapango. Ukibadilisha namba, unapata dunia nyingine. Kijana ana dunia kadhaa kwenye simu, na karibu kila moja ina nyumba isiyo na paa. "Inaboa, mjomba," huniambia, huku akifungua nyingine.

Wingi haujawahi kuitibu hali hii. No Man's Sky, mchezo mwingine wa aina hiyo, ilitoka mwaka 2016 ikiwa na sayari zaidi ya bilioni bilioni 18, na wengi waliichoka mapema: wanyama walibadilika pembe na rangi, shughuli ikabaki ileile. Hata hivyo, drafti ya miraba 64 inaishinda kwa wingi. Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, waliothibitisha mwaka 2007 kwamba wachezaji wasipokosea hutoka sare, walihesabu mipangilio ya kete ipatayo bilioni bilioni 500. Nani Lubao anakaa ubaoni kwa ajili ya hesabu hiyo? Anakaa kwa sababu aliyemfunga wiki jana yuko mbele yake, anazijua hila zake, na waliosimama nyuma hawatamsahaulisha akishindwa tena.

Mwaka 2018, No Man's Sky iliwawezesha wachezaji kusafiri na kujenga pamoja, na watu wakarudi kwa wingi. Sikushangaa. Binamu ya mpwa wangu alipokuja likizo, waliunganisha simu wakaingia dunia moja. Mmoja alitaka dirisha litazame mto, mwingine mlango wa pango. Walibishana, wakabomoa ukuta, wakaujenga upya, na nyumba ile ikaezekwa. Kesho yake, kabla ya chai, walikuwa wameshaanza zizi la ng'ombe.