Karibu, ila kuna ngazi

Kwenye mlango wa ofisi yetu tulibandika karatasi iliyoandikwa KARIBU. Mlango ulikuwa ghorofani, mwisho wa ngazi 17. Ili uisome ile karatasi, ilibidi uwe umeshapanda.

Tulikuwa watu watano tuliochanga kodi ya chumba kimoja kikubwa katikati ya mji wa Musoma: wakili kijana, vijana wawili wa tovuti na matangazo, mimi na kazi zangu za kuhariri, na dada mmoja mhasibu anayetunza hesabu za maduka na vikundi vya kuweka na kukopa. Kila mtu na kazi yake, ila umeme, intaneti na printa ni vya wote. Jengo lenyewe ni la zamani, la aina ambayo wanaoijua Musoma hawahitaji kuelezwa: chini duka lenye baraza iliyoinuliwa ili maji ya mvua yasiingie, juu vyumba vya kuishi vilivyogeuzwa ofisi. Kodi ya juu ni nafuu kuliko ya chini. Ndo maana tulikuwa juu.

Dada anatumia kiti mwendo, au baiskeli, kama anavyoiita mwenyewe. Polio ilimpata utotoni. Anaishi Bunda, na alikuwa akija Musoma siku mbili kwa wiki kuonana na wateja. Siku ya kwanza tulisimama chini pale, yeye akiziangalia ngazi, sisi tukimwangalia yeye. Mlinzi ndiye aliyevunja ukimya: "Dada, usijali, vijana wapo."

Na kweli vijana tulikuwepo. Wawili tulimbeba, wa tatu akapandisha baiskeli. Tukafika juu tunahema na kucheka, yeye akasema ahsanteni sana kaka zangu. Nakiri kwamba siku ile nilirudi nyumbani nikijiona mtu mwema. Nikamsimulia mke wangu.

Baada ya wiki kadhaa nikagundua kwamba dada hanywi chai. Saa nne kinapopita kikombe, yeye anasema ameshakunywa. Maji hagusi. Nikamtania kwamba anafunga kimyakimya. Akanijibu bila kuinua macho kwenye kompyuta: "Kaka, choo kiko chini, nyuma ya jengo. Mimi nikitaka kwenda chooni ni kikao."

Sikuwa na neno. Miezi miwili mtu anakaa na kiu kuanzia asubuhi hadi jioni, mita mbili kutoka kwenye meza yangu, na mimi ninajihesabia thawabu za kumbeba.

Haikupita muda akatuma ujumbe kwamba atafanyia kazi nyumbani. Tukamjibu: "Hakuna shida dada, karibu wakati wowote." Hilo neno karibu tunalitoa kirahisi sana.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza swali moja: kumbeba mtu na kumtengenezea njia ni wema uleule kwa vipimo tofauti, au ni vitu viwili kabisa? Mwanzoni nilidhani ni uleule. Huku kwetu kubebana ndiyo sifa. Tunabebana kwenye misiba, kwenye ada, kwenye harusi. Lakini aliyebebwa msibani leo kesho atambeba mwingine. Dada wa ngazi anabebwa kila siku na halipi, maana hakuna anayemdai zaidi ya shukrani. Kwa hiyo anashukuru asubuhi, anashukuru mchana, anashukuru jioni. Mimi nilipanda ngazi zilezile miezi yote ile bila kumwambia mtu yeyote ahsante. Tofauti yetu haikuwa miguu peke yake. Mimi niliingia kazini, yeye aliingizwa.

Kiswahili chenyewe kina kisa kinachofanana na hiki. Maneno ya zamani kama kiwete, kipofu na kiziwi tuliyavika kiambishi cha kiti na kikombe. Lakini tazama kinachotokea sentensi ikiendelea: hatusemi kiwete kimefika, tunasema kiwete amefika. Jina linamweka karibu na vitu, kitenzi kinamrudisha kwenye watu. Akitenda, ni mtu. Siku hizi tunasema mtu mwenye ulemavu, na ni vizuri. Ila jengo letu lilikuwa bado limeishia kwenye jina. Halikumruhusu kufika kwenye kitenzi.

Mwenye jengo tulimfuata. Mzee muungwana, akatusikiliza. Akasema jengo limemkuta lipo hivyo, na fedha hakuna. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu mwaka 2010, na inatambua haki ya kuyafikia majengo yanayotumiwa na umma. Tulimtajia. Akatuuliza, kwa upole, sisi wapangaji tutachangia kiasi gani. Tukaangaliana. Hapo ndipo nilipoona kwamba sheria ilikuwa imetusaidia kumnyooshea mtu mwingine kidole.

Hoja ya fedha si ya kupuuzwa. Kanuni inayojulikana ya mteremko wa kiti mwendo ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda inataka angalau sentimita 12 za urefu. Baraza yenye vidato vitatu vya sentimita 15 inataka mteremko wa mita 5.4, na mbele ya baraza nyingi kuna mtaro, kisha barabara. Kufika ghorofani ndo usiseme. Lakini hatukuwa tumeulizwa kujenga lifti. Tulikuwa tumeulizwa kwa nini tuko juu.

Mwezi uliofuata nilimpelekea dada makabrasha yake Bunda. Nikamkuta kwenye fremu ya zamani kando ya barabara, anachangia chumba na fundi cherehani na wakala wa kutuma fedha. Kizingiti cha mlango hakionekani. Fundi alikifunika kwa mawe na saruji, mteremko mfupi, kazi ya mchana mmoja. Nikakaa pale nikinywa chai, naye akinywa ya kwake. Akapita mama na mtoto mgongoni. Akaja mzee mwenye mkongojo. Kijana akaingiza gunia kwa mkokoteni bila kusimama.

Nikafurahi, kwa sababu nilikuwa nimepata hoja. Nikamwambia: unaona dada, mteremko huu unawafaa wote! Nitaandika hivyo. Na zaidi ya hapo, hujafa hujaumbika, kesho ni mimi.

Akaweka kikombe chini. "Kaka, usiandike hivyo. Hata kama ungenifaa mimi peke yangu, ungekuwa mteremko mzuri."

Nilitoka Bunda nikaelekea Butiama kwa mteja mwingine, na njia nzima maneno yale yalikuwa yananikera kwa ukweli wake. Methali yetu ni nzuri, imewanyamazisha wengi waliotaka kumcheka mwenzao. Lakini isikilize vizuri: inanitaka nimheshimu yeye kwa kujiogopea mimi. Na ile hoja ya mama, mzee na mkokoteni inataka yeye aje na mashahidi kumi ndipo afunguliwe mlango. Zote mbili zinamzunguka. Hakuna hata moja inayosema: mjengee kwa sababu yupo.

Butiama ni mahali pabaya pa kukwepa wazo hilo. Pale Mwitongo, kwenye mawe makubwa, amelala mtu ambaye chama chake kilianza imani yake kwa kutamka kwamba binadamu wote ni sawa, na kwamba kila mtu anastahili heshima. Hakikuongeza sharti la manufaa kwa wengine. Na mjini Musoma mwaka 1974 TANU ilipitisha azimio la elimu, kwamba kila mtoto aingie shule ya msingi kufikia mwaka 1977, bila kusubiri nchi itajirike. Madarasa hayakutosha, watoto wengine wakasomea chini ya miti. Tunaweza kubishana kuhusu ubora wa elimu ile hadi usiku. Ila waliuliza kwanza nani yuko nje, ndipo wakauliza majengo yako wapi. Sisi watano tulianza na jengo.

Niliporudi niliwasimulia wenzangu. Mmoja alisema kodi ya chini itatuumiza, na hakukosea, imetuumiza. Wakili alihama. Waliobaki tumechukua chumba cha chini kwenye mtaa wa nyuma, kidogo, chenye joto, choo kikiwa usawa uleule. Mteremko tuliujenga wenyewe, na wa kwanza tuliuvunja kwa sababu ulikuwa mkali mno.

Karatasi ya KARIBU sijaibandika. Dada nimemtumia kodi ya mtu mmoja kwa mwezi, upana wa mlango, sentimita 90, na picha ya choo. Amejibu kwamba ameona, na kwamba kule Bunda wateja wameongezeka. Ataamua mwenyewe.