Mikono Kizingitini

Fungueni kitabu cha Waamuzi, sura ya 19, na msikifunge hadi nimalize. Najua si sura mliyoizoea. Haisomwi harusini, haisomwi Siku ya Akina Mama, na katika miaka yangu yote ya utumishi nimeihubiri mara mbili tu, tena kwa kuruka mistari. Leo siruki hata mmoja. Nchi nzima imeketi mahakamani kumsikiliza mume aliyeshtakiwa kwa mauaji ya mkewe, na sisi waumini tumeketi pamoja nayo, na nimeyasikia maswali tunayoulizana. Shahidi wa leo alikuwa nani? Wakili alimbana wapi? Mshtakiwa alilia au hakulia? Tunaulizana sokoni, kwenye matatu, hata uani mwa kanisa kengele ikiwa inalia.

Tangu Oktoba 2021 bonde hili halijapumzika na habari hizo. Agnes Tirop, binti wa Nandi, bingwa wa dunia wa mbio za nyika akiwa na miaka 19, alikimbia kilomita 10 katika mji wa Herzogenaurach, Ujerumani, tarehe 12 Septemba mwaka huo, akamaliza kwa dakika 30 na sekunde 1. Rekodi ya dunia ya mbio za wanawake peke yao ilikuwa imesimama tangu 2002. Yeye aliipunguza kwa sekunde 28. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 13 Oktoba, akakutwa nyumbani kwake Iten, amechomwa kisu, amekufa. Mumewe alikamatwa Mombasa siku iliyofuata. Agnes akazikwa tarehe 23 Oktoba, siku ambayo angetimiza miaka 26. Novemba mume akasimamishwa mbele ya Mahakama Kuu ya Eldoret, akasomewa shtaka, akalikana.

Kesi ikatajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena. Baada ya miaka miwili rumande mshtakiwa akaachiliwa kwa dhamana, na watu wakanijia wakiwaka moto, wakitaka niseme neno madhabahuni. Neno langu ni hili: sitamhukumu. Katiba yetu haimnyimi mtu dhamana hata akiwa ameshtakiwa kwa kuua, isipokuwa pawe na sababu nzito, na aliyekana shtaka hana hatia hadi upande wa mashtaka uthibitishe pasipo shaka. Mkristo anayemtia mtu kitanzi kwa mdomo wake kabla ya jaji kusema, anashuhudia jambo asiloliona, hata kama baadaye hukumu itakuja kukubaliana naye.

Lakini kuna swali ambalo jaji hawezi kuliuliza. Hati ya mashtaka ina jina la mtu mmoja, tarehe moja, mahali pamoja. Haina jina langu. Haina jina lako. Haiulizi mwanamke yeyote alipokuja kwao mara ya kwanza alipokewaje, na nani alimsindikiza kurudi. Swali hilo limeachwa kwetu, na kwa ajili yake nimewafungulia Waamuzi.

Palikuwa na mwanamke wa Bethlehemu, suria wa Mlawi aliyekaa mbali katika milima ya Efraimu. Punda wamehesabiwa, ni wawili, siku zimehesabiwa, mwanamke hana jina. Alimwacha mumewe akarudi kwa baba yake. Kwa nini aliondoka? Nakala za kale hazikubaliani. Nyingine zinasema alifanya uasherati, nyingine zinasema alimkasirikia mumewe. Tazameni basi! Hadi leo mwanamke akirudi kwao, kabla hajatua mfuko chini, hayo mawili ndiyo yanayosemwa juu yake.

Akakaa miezi minne. Mnajua miezi minne ni nini kwa mwanamke aliyerudi kwao? Ni mahindi kupandwa, kupaliliwa na kubeba, na yeye bado yupo. Ni jirani kuuliza kila asubuhi atarudi lini. Ni shangazi kumkumbusha kwamba ndoa ni kuvumilia. Ni kaka zake kuanza kuhesabu ng'ombe wa mahari, ambao wengine wameshauzwa.

Kisha mume akaja na kijana wake mtumishi, na maneno matamu kinywani. Baba mkwe alipomwona alifurahi. Siku tatu wakala na kunywa. Siku ya nne mume akataka kuondoka, mzee akamwambia kaa, kula kwanza. Siku ya tano vilevile, hadi jua likapinduka. Siku tano za wanaume wawili mezani, zimeandikwa moja baada ya moja! Someni tena na kalamu mkononi, mnitafutie mahali ambapo baba alimwita binti yake kando akamuuliza: mwanangu, ulikuwa unakimbia nini? Mnitafutie neno moja ambalo mwanamke mwenyewe alilisema. Hamtaliona. Alirudishwa kwa ukarimu. Alirudishwa na watu walioshiba.

Ndugu zangu, mimi nimekula mezani pale. Nilikuwa mchungaji kijana nikaitwa kwenye kikao. Binti alikuwa amekuja kwao na mtoto mgongoni, upande mmoja wa uso umevimba. Mume alifika na wazee wake, na kreti mbili za soda, na blanketi la mama mkwe. Tuliomba. Tulisoma Neno. Mzee mmoja akasema hakuna nyumba isiyofuka moshi, tukaitikia. Mimi nikasema wote wawili wana makosa, kila mmoja amsamehe mwenzake, nikamwambia binti asimame ashikane mkono na mumewe. Akasimama. Alimpa ncha za vidole tu. Sikumuuliza jambo lolote, na ndiye aliyekuwa ametupakulia chakula. Hakufa, namshukuru Mungu kwa hilo kila siku. Lakini sikio lake la kushoto halisikii, na tunapokutana ananisalimia kwa heshima zote, mchungaji hujambo, huku akinigeuzia lile zima ili anisikie.

Kwa sababu ya ule ukarimu wa Bethlehemu waliondoka jioni. Wangeondoka asubuhi, giza lisingewakuta Gibea. Watu wabaya wa mji wakaizingira nyumba walimolala, wakamtaka mgeni. Mgeni akamshika mwanamke wake, akamtoa nje. Juu ya usiku ule nitanyamaza. Kulipopambazuka alikuwa ameanguka mlangoni, na mikono yake juu ya kizingiti. Kizingiti! Alifika, jamani. Kwa nguvu zilizombakia alijikokota hadi kwenye mlango uleule aliosukumwa kutokea, maana hakuwa na mlango mwingine duniani; wa baba yake ulikuwa umemtoa tayari. Mume akafungua aendelee na safari yake, akamwambia ainuke waende. Kiebrania hakisemi kama wakati ule alikuwa amekwisha kufa. Tafsiri ya kale ya Kiyunani iliongeza kwamba alikuwa amekufa, kana kwamba mfasiri alishindwa kuvumilia.

Akampakia juu ya punda, akamfikisha nyumbani, akamkata vipande kumi na viwili, akavipeleka kwa Israeli yote. Taifa likakusanyika Mispa, wanaume 400,000 wenye upanga, wakamwambia mume aeleze. Akaeleza. Alisema watu wa Gibea walitaka kumuua yeye, wakamtenda jeuri mwanamke wake, naye akafa. Kila neno lina ukweli wake. Ila hakusema ni mkono wa nani uliomtoa nje, na hakuna aliyemhoji. Kijana wake alikuwapo usiku ule, hakuitwa. Mwenye nyumba alikuwapo, hakuitwa. Mzee wa Bethlehemu hakuitwa.

Ndiyo maana mimi nauheshimu ule mwendo wa mahakama unaowachosha. Shahidi anahojiwa na upande wa pili. Kielelezo kinapewa namba. Daktari aliyepasua maiti anaulizwa jambo lilelile mara tatu. Mispa hawakufanya hivyo. Mispa walikuwa na hasira, na hasira ikawapeleka vitani, maelfu kwa maelfu wakaanguka, hadi kabila la Benyamini likabakiwa na wanaume 600 wasio na wake. Mnajua walivyowatafutia wake? Waliwaangamiza watu wa Yabesh-gileadi wakatwaa wasichana 400. Hawakutosha. Wakawaotea mabinti wa Shilo walipotoka kucheza ngoma, wakajificha katika mizabibu, kila mwanamume akajikamatia wake. Kilio kilichoanza kwa ajili ya mwanamke mmoja kikaishia kwa mamia ya wanawake kuburutwa!

Niambieni kama sisi tumepita njia nyingine. Tarehe 27 Januari 2024 vijana wetu walijaa barabarani Nairobi na miji mingine wakilia kwamba wanawake wanauawa. Walilia kwa haki. Miezi saba baadaye, Jumapili tarehe 1 Septemba, Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa amekimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris wiki tatu tu kabla ya hapo, alirudi nyumbani kwake Endebess, kaunti ya Trans Nzoia, pamoja na mabinti zake wawili. Akamwagiwa petroli akachomwa na mwanamume aliyekuwa mpenzi wake. Ugomvi wao juu ya kipande cha ardhi ulikuwa umejulikana. Akafa hospitalini Eldoret siku nne baadaye. Yule mwanamume naye akafa kwa moto huohuo, kwa hiyo hakutakuwa na kesi. Hakuna kizimba, hakuna mashahidi, hakuna cha kufuatilia, na mjadala wetu ukaisha siku hiyohiyo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tulikuwa tumeipenda kesi kuliko mtu.

Rebecca alikuwa ametoka kanisani siku ile. Wapendwa, niliposoma hilo niliweka simu chini. Simlaumu mtu wa kanisa lile, silijui. La kwangu nalijua. Najua ni wanawake wangapi wananipa mkono mlangoni baada ya ibada, nami nawauliza habari za watoto, nawauliza habari za mvua. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana 51,100 duniani waliuawa na wenzi wao au watu wa familia zao. Ni karibu 140 kila siku. Kanisa letu likijaa pamoja na kwaya ni watu kiasi hicho. Kila siku mabenchi yote yabaki matupu!

Kwa hiyo, baba, binti yako akirudi usianze na ng'ombe. Anza na uvimbe. Mpeleke hospitali kabla haujashuka, daktari auandike. Nendeni kituo cha polisi, mpewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, na fomu ya P3 ya kujazwa na daktari, na mkiambiwa mambo ya nyumba yamalizwe nyumbani, kaeni palepale kwenye benchi. Mimi nitakuja kukaa nanyi. Tangu 2015 tunayo sheria ya kumkinga mtu na jeuri ya nyumbani, na hakimu anaweza kumwamuru mume asimkaribie mkewe. Simu ya 1195 hailipiwi. Wasichana waliokuwa wakikimbia na Agnes walianzisha Tirop's Angels palepale Iten ili anayepigwa apate wa kuongea naye. Hawakungoja hukumu isomwe. Sisi tunangoja nini?

Mnaniambia, mchungaji, Mungu anachukia talaka, na sisi tumefundishwa kusamehe saba mara sabini. Nimewafundisha mimi. Sikuwafundisha kwamba ili kusamehe lazima mtu alale kitanda kilekile. Mwanamke anaweza kumsamehe mumewe akiwa kwa mama yake. Anaweza kumsamehe akiwa mji mwingine, komeo limefungwa. Na wewe mume unayesoma hapa, ambaye mkono wako umeshanyanyuka mara moja, ukaapa ni shetani, ukanunua kanga mpya: njoo kwangu leo, kabla ya jioni. Sikuahidi maneno laini. Nakuahidi kwamba nitafungua mlango na nitakusikiliza hadi mwisho, kisha nitakuambia utoke nyumba ile, wewe, na si yeye.

Mama zangu, hili ni lenu zaidi, na nalisema kwa magoti. Binti hatamwambia baba yake. Hatamwambia mchungaji. Atakuja jikoni, atachukua kisu kumenya viazi, atasema mama, siku hizi baba watoto amekuwa mkali kidogo. Hilo "kidogo" lisikupite. Weka sufuria chini. Usimwambie hata mimi nilipigwa nikavumilia na leo ninyi mmekua. Alilibeba neno lile njia nzima, na likipita mbele yako bila kujibiwa hatalitamka tena.

Kabla ya mwezi huu kwisha nitaitwa kwenye kikao kingine. Huwa naitwa. Nitakuja, lakini watakaoniita wanisikie kwanza kupitia karatasi hii. Siku hiyo binti asiwekwe jikoni. Awekewe kiti karibu na mlango, na dada yake aketi naye. Mama mmoja mwenye kutunza siri amchukue kando, mbali na mumewe, amuulize, kisha anyamaze hadi apate jibu, hata likichukua saa nzima. Sisi wanaume tutasubiri. Mbuzi asichinjwe, sufuria zisifunuliwe. Chai na ipoe.