Je, Ni Makosa Kumlilia Paka?

Paka wetu alitolewa uvimbe kwenye titi, na majibu ya maabara yakarudi: ni saratani. Kwa paka, zaidi ya asilimia 80 ya uvimbe wa aina hiyo huwa saratani, na mara nyingi husambaa hadi mapafuni. Ndugu mmoja akaniuliza, "Dada, si ni paka tu?"

Sikukasirika. Karo ipo, na wagonjwa kanisani wapo. Lakini kitabu cha Yona kinamalizika kwa kutaja wanyama wa Ninawi. Kumbe Mungu huwahesabu pia.

Swali linaloninyima usingizi ni lingine: akipasuliwa tena, itakuwa kwa faida ya nani? Yeye hajui neno saratani. Anajua omena, jua la mlangoni, na kidonda kinachomvuta. Hofu ya kesho ni yangu, na si haki ailipie yeye kwa maumivu.

Basi nimechagua dawa ya maumivu, na kuomba naomba. Paka huficha uchungu, kwa hivyo namchunguza sana. Akikataa kula na kujificha chini ya kitanda, nitamwita daktari wa mifugo ampumzishe, nikiwa nimemshika.