Kilichoharibika Usikipitishe



Himdi zote ni zake Mola Muumba, aliyempa mwanadamu mwili uwe amana na umri uwe mtaji, na kila Ijumaa ikipita mtaji huo umepungua. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na masahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, baba zangu na mama zangu wa Kisangani, nanyi mliotoka Yahuma na mizigo ya mavuno yenu, naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nawausia ninyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Na leo nawausia jambo moja tutakaloulizwa kesho: kilichoharibika usikipitishe. Usikipitishe kwa mwanao, usikipitishe kwa jirani, usikipitishe kwa mnunuzi asiyelijua hata jina lako.

Tafakarini miili yenu. Ndani ya seli zenu mna maandishi ya urithi, yale wataalamu wayaitayo DNA, na maandishi hayo hayakai salama hata saa moja: jua huyachoma, moshi huyachafua, na hata maji na hewa vilivyomo mwilini huyala kidogo kidogo, hata wataalamu wakakadiria kwamba seli moja hupata majeraha 10,000 na zaidi kwa siku. Lakini Mola hakuiacha seli bila msimamizi. Imo protini iitwayo p53, iliyogunduliwa mwaka 1979; maandishi yakijeruhiwa, hiyo huinuka ikaizuia seli isijigawe, ili ubovu usirithishwe. Ndipo kazi ya kutengeneza inapoanza. Aziz Sancar, mzaliwa wa Savur katika nchi ya Uturuki, aliyetunukiwa Nobel ya Kemia mwaka 2015 pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich, alibainisha jinsi vimeng'enya vinavyokata kipande cha herufi karibu 30 kwa sababu ya herufi moja au mbili zilizoharibika, kisha kipande kipya kikajengwa kwa kuufuata uzi wa pili uliobaki mzima. Na jeraha likishinda matengenezo, seli hujimaliza yenyewe kwa utaratibu, na jirani zake wakayazoa mabaki. Subhanallah! Kiumbe tusichokiona kwa macho hujihesabu, husimama, hujirekebisha, na kikishindwa hujitoa ili wengine wasalimike. Basi sisi tuliopewa akili na kutumiwa mitume, tutasimama lini?

Nalisema hili kwa sababu ya chakula chetu. Ardhi yetu ya Tshopo ni ya mvua na unyevu, na karanga na mahindi hukauka kwa shida. Yakifungwa guniani yangali na maji, huota kuvu, na miongoni mwa kuvu hao yumo Aspergillus flavus, atoaye sumu iitwayo aflatoksini, isiyoonekana kwa macho na isiyoondolewa na moto wa jikoni. Ikifika katika ini hugeuka kali, ikang'ang'ania herufi za DNA. Ini hutengeneza leo, hutengeneza kesho, lakini sumu ya kila siku huishinda kazi. Mwaka 1991, wachunguzi wa saratani ya ini kutoka Qidong nchini China na kutoka kusini mwa Afrika walikuta jeni la p53 limeharibika mara nyingi mahali palepale pamoja, nao wakamtuhumu adui huyu. Msimamizi mwenyewe amejeruhiwa! Na msimamizi akianguka, ubovu hupita seli kwa seli pasina wa kuuzuia. Tena aliye na virusi vya homa ya ini aina ya B, akila sumu hii, hatari yake ya saratani hupanda hata kufikia mara 30.

Na ikiliwa nyingi kwa pamoja, haingoji miaka. Mwaka 2004, huko mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui na jirani zake, waliugua watu 317 na wakafa 125, wengi kwa mahindi ya mashamba yao wenyewe, yaliyowekwa ndani yangali na unyevu. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara nchini Tanzania, waliugua 68 na wakafa 20. Mungu awarehemu. Walikaa kula riziki yao kama tukaavyo sisi.

Nanyi mnakumbuka habari ya Mtume wetu, alipopita sokoni Madina akatia mkono katika lundo la chakula, vidole vikatoka na umajimaji. Muuzaji akasema kwamba ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuuweka juu watu wauone, akatangaza kuwa mwenye kughushi si wake. Ndugu zangu, tieni na ninyi mkono guniani, uzamisheni mpaka kiwiko: juu karanga safi, chini zilizosinyaa, zenye vumbi la kijani, zinazonata vidoleni. Wapo wazichambuao hizo wakazitenga, na hilo ni jema, kisha wakazisaga, kwa kuwa kinu kinamficha mnunuzi kile anachonunua. Huyo ameutengeneza mzigo wake kwa kuharibu ini la nduguye. Wengine huwapa kuku wanaotaga, na sumu ikarejea kupitia yai. Na mama anayenyonyesha akizila, sehemu yake humfikia mtoto katika maziwa, naye mtoto haki yake ni maziwa safi.

Basi enyi wakulima, anikeni juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo. Msifunge gunia kabla mavuno hayajakauka sawasawa. Pangeni magunia juu ya mbao, mbali na ukuta unaotoa maji. Enyi wafanyabiashara, chambueni, na kibovu mkizike, wala msikiuze hata kwa bei ya huruma. Enyi wazazi, wapelekeni watoto chanjo, kwani kinga ya homa ya ini aina ya B imo katika chanjo za utotoni. Hasara ya gunia moja ni nyepesi kuliko deni la roho moja, na deni hilo halilipwi kwa faranga.

Umri ni mfupi, ndugu zangu, na kaburi haliulizi soko lilikuwaje. Ulimi ulioharibika kwa uongo, usiupitishe uongo wake; chuki uliyoirithi, ikukomee wewe; mali ya dhuluma, irudishe kabla warithi wako hawajaigawana. Simama, tengeneza, tubu, maadamu pumzi ingalimo.

Ewe Mola wetu, tutakasie riziki zetu, waponye wagonjwa wetu, warehemu waliotutangulia, na utujaalie tuwe watu wa kuzuia shari isiwafikie waja wako. Aamin.