Krimu Isiyojua Kukoma

Kata ya Kwakoa iko chini ya milima ya Upare Kaskazini, kwenye tambarare ya Wilaya ya Mwanga. Juu huko Usangi na Ugweno kuna ukungu. Huku chini jua humshukia mkulima uso mzima, na uso hauvalishwi nguo. Chunusi ikipona huacha doa, mimba ikibadili homoni mashavu huota mabaka, kisha jua huyakoleza. Kuyatibu kwa krimu kungekuwa jambo la duka la dawa tu, lau si shaka ya kidini inayolizunguka. Mwislamu anakumbushwa aya ya 119 ya Sura An-Nisaa, ambamo Shetani anaapa kuwaamrisha wanadamu wabadili umbile la Mwenyezi Mungu. Msabato, ambaye kanisa lake liko Upareni tangu 1903, amelelewa katika mafundisho ya kuepuka mapambo. Je, anayepaka krimu ili baka liondoke anajitibu, au anamkosoa Muumba wake?

Jibu la haraka ni kwamba yote hutegemea nia. Ni jibu sahihi lakini halimsaidii mtu, kwa sababu hakuna anayejichubua akakiri kwamba amechoka na rangi yake. Wote husema wanataka ngozi safi. Nadhani kipimo bora ni kuuliza kama dawa hiyo ina mahali pa kukomea. Katika Hadithi kuna habari ya Arfaja, sahaba aliyekatwa pua vitani. Alijiwekea pua ya fedha ikamletea harufu mbaya, na Mtume akamwamuru aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Imamu Nawawi naye, akieleza katazo la kuchonga meno kwa ajili ya urembo, alisema kwamba linalofanywa kwa tiba au kuondoa kasoro halimo katika katazo hilo. Pua ya Arfaja ilikuwa na kikomo: irudishe uso ulivyokuwa, basi. Mkristo naye, anayeamini kwamba mwili ni hekalu, hana sababu ya kuona dhambi katika kuziba ufa wa hekalu.

Sayansi ya ngozi inakubaliana na kipimo hiki kuliko mtu angetarajia. Chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi zinakaribiana kwa idadi kwa mweusi na mweupe. Kinachotofautiana ni wingi na aina ya rangi zinayotoa. Baka ni mahali ambapo chembe hizo zimechokozwa zikazidisha kazi. Kwa hiyo daktari wa ngozi, tuseme wa hospitali ya KCMC pale Moshi, ana shabaha inayoonekana kwa macho: ngozi iliyo kando ya baka. Doa likifanana nayo, dawa imemaliza kazi. Mkorogo, yaani mchanganyiko wa kujichubua, hauna shabaha hiyo, kwa kuwa unaishambulia hata ile ngozi ya kando. Na hapa pana jambo la kutafakari: haidrokwinoni iliyomo katika mikorogo mingi ni ileile ambayo madaktari wameitumia kwa mabaka, kwa muda mfupi na kwa uangalizi. Ikitumika miaka mingi huweza kuleta weusi wa kibuluu usiotoka kwa urahisi, na mwenye uso huo huongeza krimu ili kuuficha. Steroidi iliyomo katika baadhi ya mikorogo nayo ikiachwa ghafla uso huwaka, na mtu huirudia. Zebaki imekwenda mbali zaidi. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliihusisha na maradhi ya figo kwa watumiaji wa krimu za kujichubua. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye viambato hivi, lakini sheria humfikia muuza duka, haimfikii mtu akiwa mbele ya kioo chake.

Mtu atapinga: mafuta ya kukinga jua hupakwa kila siku maisha yote, nayo ni haramu? La. Kikomo ninachokisema hakihesabiwi kwa siku. Mwenye ualbino anayajua makusudio ya mafuta hayo, nayo hutimia kila asubuhi anapoyapaka, wala kesho hahitaji makali zaidi. Pingamizi gumu kwangu ni la madoa ya uzee, maana uzee si jeraha, na uso wa ujana si uso unaostahili kurudishwa zaidi ya uso wa sasa. Hapo kipimo changu kinayumba, nami ningemwachia mwenye madoa aamue bila kumhukumu.

Pingamizi la mwisho linauma: mwili ni wa mwenyewe, dini inaingiliaje? Ningekubali nusu. Lakini anayejichubua hakujitungia peke yake wazo kwamba weupe unapendeza. Kaka anayetafuta mchumba na kumsifu binti kwa “weupe” wake amelisema, na shangazi anayemwonea huruma mtoto aliyezaliwa mweusi amelisema pia. Ikiwa kubadili umbile ni kosa, kulidharau umbile mbele ya mwenye nalo ni kosa la aina hiyohiyo, nalo hutangulia krimu kwa miaka mingi. Hata hivyo mkorogo ukikemewa, msikitini au kanisani, macho huelekea upande wa wanawake, huku bwana harusi aliyetaka “mweupe kidogo” akiitikia amina bila wasiwasi.