Amani Inayopatikana kwa Kumwondoa Mtu



Mwezi wa nane tulimpeleka binti yetu chuoni Austin. Wazazi wenzangu mnaijua siku hiyo: gari limejaa mablanketi, sufuria, na unga wa ugali ambao mtoto hakuuomba, na baba anaendesha kimya. Tulipomaliza kupandisha mizigo tulitembea kidogo kwenye mtaa wa Guadalupe, unaopita ubavuni mwa Chuo Kikuu cha Texas, nami nikatoa nasaha zangu zote pale pale njiani. Soma. Sali. Tafuta kanisa. Angalia marafiki. Na ile ya mwisho, ambayo nadhani wengi wetu tumewahi kuisema: usijiingize kwenye mambo yao, sisi tulikuja huku kutafuta maisha.

Hakunijibu. Lakini njiani kurudi maneno yangu yalinisumbua, kwa sababu historia ya mtaa ule naijua kidogo. Nilipokuwa naandaa somo la vijana wetu kuhusu huduma za Kikristo vyuoni, nilikwama kwenye nyumba moja ya Austin na sikuweza kuendelea mbele. Leo nataka niwaeleze habari za nyumba hiyo, pamoja na kosa nililolifanya kazini. Mambo hayo mawili yameshikana kichwani mwangu na nimeshindwa kuyatenganisha.

Makanisa ya Kiprotestanti yalifuata wanafunzi vyuoni zamani sana. Mwaka 1858 tayari kulikuwa na vikundi vya wanafunzi vya YMCA katika vyuo vikuu vya Virginia na Michigan. Mwaka 1913 Wamethodisti walianzisha Wesley Foundation ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Illinois. Vyuo vya serikali havikuwa na dhehebu, na watoto wa waumini walikuwa wanamiminika huko, kwa hiyo makanisa yalipata nyumba kando ya vyuo, yakaweka mchungaji na birika la chai. Shabaha ilikuwa mtoto asipotee. Hilo sisi hatuhitaji kuelezwa.

Mwaka 1952 mchungaji wa Kipresbiteri, W. Jack Lewis, alianzisha pale Austin kitu tofauti kidogo. Aliiita Jumuiya ya Kikristo ya Imani na Maisha. Haikuwa mahali pa kupita Jumatano jioni kunywa chai na kuondoka. Wanafunzi waliishi humo. Walikula pamoja, waliabudu pamoja, na juu ya masomo yao ya chuo walisoma theolojia. Mwaka 1956 alijiunga naye Joseph Mathews, Mmethodisti aliyekuwa anafundisha theolojia Dallas, mtu aliyewahi kuwa mchungaji wa jeshi wakati wa vita. Vitabu walivyosoma vilikuwa vigumu: Bonhoeffer, Tillich, Bultmann. Sitawaficha, baadhi ya mafundisho hayo nisingependa binti yangu ayasome bila kuwa na mtu mzima wa kumuuliza maswali. Nyumba ile haikuwa ya malaika. Mwaka 1962 Mathews aliondoka kwenda Chicago na baadhi ya wenzake, na jumuiya haikuwa tena kama ilivyokuwa.

Lakini ndani ya nyumba ile, katika miaka hiyo ya 1950, wanafunzi weusi na weupe walikaa chini ya paa moja na kula meza moja.

Ili muone uzito wake, kumbukeni Texas ilikuwaje. Mwaka 1950 Mahakama ya Juu ya Marekani ndiyo iliyokilazimisha chuo kile kumpokea Heman Sweatt, mtu mweusi, asomee sheria. Wanafunzi weusi wa shahada ya kwanza waliruhusiwa mwaka 1956. Hata hivyo waliruhusiwa kuingia darasani tu. Mabweni ya chuo yaliendelea kutengwa kwa rangi mpaka mwaka 1964. Wasichana weusi walilelewa kando na mama mmoja, Almetris Duren, ambaye wote walimwita Mama Duren. Leo kuna bweni kubwa pale chuoni lenye jina lake. Tulilipita siku ile, na binti yangu hakujua ni nani. Nilimweleza, na hilo alilisikiliza vizuri kuliko nasaha zangu.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonichoma. Mwaka 1957 mwanafunzi mmoja mweusi, Barbara Smith, baadaye akijulikana kama Barbara Smith Conrad, alichaguliwa kuimba nafasi ya malkia Dido katika opera ya chuo. Alichaguliwa kwa sauti yake. Mwanamume wa kuimba naye alikuwa mzungu. Wabunge wa jimbo wakalalamika, chuo kikahofia fedha zake, na dada yule akaondolewa kwenye nafasi hiyo. Moja ya sababu zilizotolewa ilikuwa ustawi wake mwenyewe. Hakuna aliyemtukana ofisini, na hakufukuzwa chuo. Aliondolewa tu ili mambo yatulie. Alibaki, akamaliza masomo, na baadaye akaimba Metropolitan Opera huko New York.

Niliposoma maneno hayo, ustawi wake, nilifunga kompyuta.

Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilikuwa msimamizi wa zamu ya usiku. Mgonjwa mmoja mwanamume, siku ya pili baada ya upasuaji, alibonyeza kengele akasema hataki kuguswa na yule muuguzi mweusi, aletewe mwingine. Muuguzi mwenyewe alikuwa dada mdogo kutoka kwetu Afrika Mashariki, leseni yake haijamaliza hata mwaka. Wauguzi mnaosoma hapa mtaniuliza kama mgonjwa alikuwa amechanganyikiwa. Ni swali zuri, kwa sababu mtu aliyechanganywa na dawa au uzee hatubishani naye. Huyu alikuwa na akili zake timamu. Alijua tarehe, alijua yuko wapi, na alijua anasema nini.

Nilibadilisha mgao wa wagonjwa kwa dakika nne. Nilimpa yule dada chumba cha mwisho wa korido na kumpeleka mwenzake kwa yule mgonjwa. Wodi ikatulia. Nilimwambia, "Nakulinda, mdogo wangu." Akajibu, "Sawa, dada." Asubuhi tukiwa tunavaa makoti kwenda nyumbani, akaniuliza, "Dada, nilikosea nini?" Nikasema hukukosea kitu. Akasema, "Basi mbona mimi ndiye niliyehamishwa?"

Sikuwa na jibu. Baada ya miezi michache alihamia mji mwingine.

Tangu hapo nimejiuliza amani niliyoipata usiku ule ilikuwa amani ya nani. Mgonjwa alipata alichotaka, mimi niliepuka malalamiko ya maandishi, na madaktari hawakuamshwa. Gharama yote aliibeba mtu mmoja, naye ndiye pekee ambaye hakuwa amefanya kosa. Ningeweza kuingia chumbani na kusema: huyu ndiye muuguzi wako usiku huu, amesomea, na utahudumiwa sawasawa na wengine, ukitaka kulalamika, fomu hii hapa, na jina langu ndilo hili. Labda angekataa kabisa. Basi angekataa. Lakini kukataa kungebaki kwake, na yule dada asingeenda nyumbani akijichunguza kosa lake.

Mnamkumbuka Petro kule Antiokia, katika Wagalatia sura ya pili. Alikuwa anakula na watu wa Mataifa bila shida. Walipofika wageni kutoka Yerusalemu akaogopa, akajitenga taratibu. Zamani nilimwona Paulo mkali mno kumkemea mzee mwenzake mbele ya watu. Petro hakuwa amebadilisha mahubiri. Alibadilisha meza tu. Sasa naona kwamba wale walioachwa mezani walihubiriwa tayari, kwa kile kiti kilichobaki wazi. Na tusicheke sana, kwa sababu hata sisi, chakula kikiwa tayari baada ya ibada, Wakongo wanaelekea upande wa jikoni, Wakenya karibu na mlango, Watanzania dirishani, na Mrundi akikosea meza anaambiwa kwa upole, "Wenzako wako kule."

Wale wa nyumba ya Austin hawakungoja chuo kibadilike ndipo wapange meza. Na meza hiyo ilikuwa na matokeo. Mmoja wa walioishi humo ni Sandra Cason, binti mzungu kutoka mji wa Victoria hapa hapa Texas, ambaye baadaye alijulikana kama Casey Hayden na kufanya kazi na vijana wa SNCC katika harakati za haki za raia kusini. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1960 wanafunzi wa Austin, weusi na weupe, walipanga foleni mbele ya sinema za mtaa ule ule wa Guadalupe. Kila mmoja akifika dirishani aliuliza kama tiketi zinauzwa kwa watu wote. Akijibiwa hapana, alirudi mwisho wa foleni na kuanza upya. Hakuna aliyevunja kioo. Foleni tu, jioni baada ya jioni, na mwaka 1961 sinema zile zikakubali kupokea watu wote.

Nilipofundisha haya, baba mmoja wa usharika alinisubiri nje. Akasema, "Mama, wale walikuwa watoto wa nchi. Wangu ana viza. Akikamatwa, tunarudi sote." Ana haki kabisa, na sitamwambia mtu ambaye kesi yake ya makaratasi haijaisha apeleke mtoto kwenye foleni yenye polisi. Gharama haiko sawa kwa kila mtu. Kwa Sandra Cason ilikuwa ndogo kuliko kwa Barbara Smith, na kwa Barbara huenda ilikuwa ndogo kuliko kwa mtoto wa mkimbizi.

Ila hoja ya yule baba nimeiona ikitumiwa na watu isiowahusu, na wa kwanza ni mimi. Usiku ule nilikuwa na uraia, leseni, shahada, na miaka kumi na mitano ya kazi. Ambacho ningepoteza ni usingizi wa siku mbili na karatasi moja ya malalamiko. Yule dada ndiye aliyekuwa na makaratasi yasiyokamilika, na yeye ndiye niliyemfanya alipe. Kama gharama haiko sawa, nadhani aliye na makaratasi mfukoni ndiye anayepaswa kwenda dirishani kwanza.

Wiki ya pili ya masomo binti yangu alipiga simu. Amepata kikundi cha wanafunzi Wakristo, wanakula pamoja mara moja kwa wiki, na ameomba nimtumie namna ya kupika maharage ya nazi. Nikamwambia kwamba ile nasaha ya mwisho ya mtaa wa Guadalupe naiondoa, nikamsimulia habari za wodini, ambazo alikuwa hajawahi kuzisikia. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Mama, yule dada ulimwomba msamaha?"

Nilikuwa sijamwomba. Nilitafuta namba yake kwa watu wawili nikamwandikia. Baada ya siku tatu alinijibu. Alisema anaukumbuka usiku ule, na kwamba sasa yeye ndiye msimamizi wa zamu.

Nimemuuliza kama naweza kumpigia. Bado hajajibu.