Zamu ya Kujibu

Ni nani tunayeruhusiwa kumcheka? Wengi huliona swali hili dogo, na huenda ni kweli kwamba lilikuwa dogo zamani, kicheko kilipoishia barazani. Lakini tangu televisheni ilipoanza kuingia majumbani mwetu, hapa Tanzania Bara, mwaka 1994, kicheko cha mtu mmoja hufika kwa maelfu ya watu wasiomjua, na anayechekwa hana pa kujificha.

Wazee wetu walikuwa na jibu lao, nalo ni utani. Mzaramo na Mnyamwezi, au Mngoni na Mhehe, wangeweza kurushiana maneno ambayo yangesemwa na mtu mwingine yangeleta ngumi. Hata msibani mtani huigiza jinsi marehemu alivyokuwa akitembea, na wafiwa wakajikuta wanacheka katikati ya kilio. Ila utani una sharti: ni wa pande mbili. Mtani akinichukulia kuku wangu leo, najua zamu yangu yaja. Anayetania naye hataniwi, huyo si mtani. Ni mtu wa matusi tu.

Wamarekani, kwa njia yao, walitengeneza kitu kinachokaribiana na hicho. Septemba 1954 televisheni ya NBC ilianzisha kipindi cha Tonight, mwendeshaji wake wa kwanza akiwa Steve Allen. Kilikuwa cha usiku, saa ambayo wengi wameshapanda kitandani. Umbo lake limeigwa kila mahali: mwendeshaji husimama na kufanyia mzaha habari za siku, bendi hupiga, kisha yeye huketi nyuma ya meza na kumkaribisha mgeni kando yake. Watu husifu mizaha. Mimi nakisifu kile kiti cha mgeni. Johnny Carson, aliyekalia meza hiyo tangu 1962 hadi 1992, alimcheka sana gavana mmoja wa jimbo la Arkansas aliyetoa hotuba ndefu ya kuchosha katika mkutano mkuu wa chama chake mwaka 1988. Siku chache baadaye gavana huyo, Bill Clinton, akaja kukaa kitini. Carson akaweka mezani chupa ya mchanga ya kupimia muda. Clinton akacheka pamoja na watu, akapuliza saksafoni, na miaka minne baadaye akachaguliwa kuwa rais. Alipewa zamu yake akaitumia.

Kwetu vichekesho vya televisheni vilikua zaidi kwa maigizo, ambayo kiti hicho hayana. Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana wa Redykyulass walimwigiza Rais Moi akiwa bado madarakani, jambo ambalo miaka michache kabla yake lisingefikirika. Hapa Dar es Salaam tukawa na Ze Comedy kwenye EATV, kundi ambalo baadaye lilihamia TBC1 na kujiita Orijino Komedi. Wakubwa waliigwa sauti na mwendo, nasi tulifurahi. Sioni ubaya. Mkubwa hahitaji kiti cha mgeni. Ana jukwaa lake na magazeti, na akitaka, ana polisi. Oktoba 2019 mchekeshaji Idris Sultan aliitwa polisi kwa sababu ya picha aliyobadilishana sura na Rais Magufuli, na Mei 2020 akakamatwa baada ya kujirekodi akicheka picha ya zamani ya Rais huyo. Jibu la namna hiyo mtani halijui.

Kinachonisumbua mimi kiko upande wa pili. Pale Sinza, kwenye nyumba ya jirani, alikuwapo binti wa kazi aliyetoka bara, ambaye ulimi wake haukutofautisha sana l na r. Jioni moja tulikaa uani, sote pamoja naye, tukitazama kipindi fulani cha vichekesho. Mwigizaji akatoka amefunga kanga, akazungumza kwa lafudhi ya watu wa kwao. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Binti naye alicheka, tena kwa sauti. Kesho yake watoto wa nyumba ile wakawa wanamwita kwa lafudhi ileile, wakimwambia aseme "sukari" ili wasikie.

Mwigizaji angeweza kujitetea kwamba hakumlenga yeye, wala hamjui, na kwamba makabila yetu ni watani. Ni kweli hamjui. Lakini ndiyo maana siwezi kuuita utani: binti angemjibia wapi? Kwenye kioo cha televisheni?

Baada ya siku hizo nilimwona mara kadhaa dukani. Alikuwa akinyoosha kidole tu kuonyesha anachotaka. Hatimaye muuza duka alizoea, akawa anampimia robo kilo yake mara tu anapomwona akikata kona.